Kitabu Ambacho Berdina Hakukimaliza

Twila Huizenga hakupaza sauti. Alikiweka kitabu juu ya meza ya maktaba ya kanisa, akakigeuza ili jina lake lisomeke na mtu aliyeketi upande wa pili, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Berdina, mwishoni mwa kitabu hiki kunatokea nini?"

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Ibada ilikuwa imekwisha, na katika ukumbi wa chini, ambako maktaba yetu imo pembeni, watu walipanga foleni ya kahawa wakizungumzia unyevu wa mahindi. Berdina Roelofs aliketi mahali alipoketi kwa miaka kumi na tisa, miwani ikining'inia kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake nikirudisha vitabu rafuni, na niliiona shingo yake ikiiva kwa wekundu kabla sijasikia jibu lake.

"Mwishoni?" alisema.

"Ndiyo. Yule mjane anafanya nini mwishoni?"

"Maoni yangu nilishayaandika, Twila. Kila mtu anaweza kuyasoma."

"Nimeyasoma. Wazee wa kanisa nao wameyasoma. Walikuja kwangu Alhamisi." Twila alikiweka kidole juu ya jalada. "Nakuuliza kitu kidogo tu. Anafanya nini?"

Berdina alishika miwani yake, akaangalia jalada. Kwenye foleni, mtu aliyekuwa akicheka aliacha kucheka. Twila alisubiri kwa muda ambao ungetosha kusali Sala ya Bwana taratibu, kisha akatikisa kichwa kama aliyepata jibu alilolifuata, akageuka, akapanda ngazi. Kitabu akakiacha pale pale.

Katika kanisa letu la Harskamp, hakuna riwaya iliyopanda rafuni bila kupita mikononi mwa Berdina. Kibandiko cha kijani kilimaanisha kitabu ni salama, hata kwa binti aliyebatizwa jana. Cha njano kilimaanisha soma, lakini macho wazi. Chekundu kilimaanisha kitabu hakiingii humu, na sababu zake zitatolewa katika karatasi ya taarifa ya Jumapili, kwenye safu yake aliyoiita "Kwenye Mizani". Makanisa mengine matatu ya jimbo letu la Iowa yalikuwa yakinakili safu hiyo. Akina mama walimpigia simu kabla ya kununua zawadi za kuzaliwa. Riwaya za Kikristo zilikuwa zikituangukia kama mvua ya mawe: malaika walioingia jikoni kushauri mapishi, mabinti wa Kiamishi, wasiotumia umeme wala gari, waliopendana na madaktari wa mjini, wahubiri waliojua siku na saa ya mwisho wa dunia. Mtu wa kuchambua alihitajika, na Berdina alijua kuchambua. Mwaka mmoja aliandika hivi kuhusu riwaya iliyouzwa nchi nzima: "Mwishoni wote wameoana, na hakuna hata mmoja aliyetubu." Tuliicheka sentensi hiyo hadi Krismasi.

Miaka ya mwanzo alisoma kila kitabu hadi neno la mwisho, penseli mkononi, Biblia imefunguliwa upande wa kushoto. Kisha vitabu vikaongezeka na macho yakachoka, na sifa nazo zikafanya kazi yake. Aligundua kwamba kurasa mia zinatosha kumwonyesha mwandishi anakoelekea. Baadaye zikatosha themanini. Baadaye tena akapata tovuti ya mama mmoja wa jimbo la mbali, aliyeorodhesha makosa ya kila riwaya mpya na aya za kuyapinga, na Berdina akawa anaonja kitabu kidogo kisha anakwenda kuangalia huyo mama kasemaje. Hakuna aliyemlazimisha. Aliniambia hivyo mwenyewe, na ndilo lililomchoma kuliko yote: kwamba hakuweza kumpata mtu wa kumlaumu.

Kitabu alichokiacha Twila mezani kiliitwa *Sauti Ghalani*. Ni habari za mjane wa mkulima aitwaye Leota, ambaye kila jioni huenda kwenye ghala tupu kuongea na mumewe aliyekufa, na mumewe humjibu. Berdina alikuwa amefika ukurasa wa sabini na moja Agosti ile, jikoni kumejaa nyanya za kuhifadhi kwenye chupa, akakifunga. Kwenye safu yake akaandika: "Kitabu hiki kinawafundisha Wakristo kuzungumza na wafu, kama Sauli alivyomwendea yule mwanamke wa Endori. Kisiingie nyumbani kwako." Sentensi ya Endori aliitoa kwa yule mama wa tovuti. Kibandiko chekundu nilikibandika mimi, kwa kidole changu, nami sikuuliza kitu.

Hatukujua kwamba Twila ndiye aliyekipendekeza kitabu hicho kwa kikundi cha wafiwa kinachokutana Jumanne. Mumewe, Darrell, alifukiwa na mahindi ndani ya ghala lao la bati mwezi wa Februari wa mwaka uliotangulia, na watu walilikata bati kwa misumeno saa nzima kabla ya kumfikia. Safu ilipotoka, kiongozi wa kikundi akakiondoa kitabu kimya kimya. Mtu akamnong'oneza mtu. Ndipo wazee wawili wakatumwa kwa Twila, kofia mkononi, kumuuliza hali ya roho yake.

Jumapili ile Berdina alirudi nyumbani akamwambia mumewe apashe chakula mwenyewe. Akaketi kwenye meza ya jikoni na kuanza ukurasa wa kwanza. Hakuondoka pale hadi alipomaliza, na jua lilikuwa bado dirishani.

Alikuta hivi. Katika sura ya saba, Leota anaanza kutambua kwamba ile sauti haijui chochote asichokijua yeye. Anaiuliza hati ya shamba ilipo, haijui. Anaiuliza mumewe alimwambia nini kaka yake siku ya mwisho, haijui. Bibi mmoja wa kanisani, mnene na mwenye maneno makali, anamwambia: mwanangu, unajijibu mwenyewe, na kujijibu mwenyewe hakujawahi kumfariji mtu. Leota analia, anamtukana, anarudi ghalani, anauliza tena, kisha anafunga mlango kwa kufuli. Kuanzia hapo hadi mwisho wa kitabu anasali, na hasikii sauti yoyote, na anaendelea kusali.

Kitabu kilikuwa kinakataza kile kile ambacho Berdina alikituhumu kukifundisha.

Akasimama, akafungua bomba, akanawa uso, akakaa tena. Lakini kuna jambo moja alilonieleza kwa shida zaidi ya hilo, akiangalia pembeni. Katika sura ya kumi na moja, mchungaji wa kwenye riwaya anasema mazikoni kwamba marehemu sasa ni malaika. Hilo ni kosa. Wafu hawageuki malaika, na Maandiko hayasemi hivyo popote. Berdina alipoliona, moyo wake uliruka kwa furaha. Nimekipata! Kalamu ilikuwa tayari mkononi alipotambua alichokuwa akikifurahia, akaiweka chini.

Wendell Roelofs ni mkulima wa maneno machache. Aliingia na sahani yake ya viazi na nyama, akaketi upande wa pili.

"Kwa hiyo ni kizuri au kibaya?"

"Kina kosa moja. Si lile nililolisema."

"Wewe ulisema nini?"

"Kwamba kinafundisha kuongea na wafu."

"Nacho kinafundisha?"

"Kinafundisha kuacha."

Wendell alitafuna, akameza, akaweka uma chini. "Basi umekisingizia."

"Kitabu hakisingiziwi, Wendell."

"Kimeandikwa na mtu," alisema. "Na kimesomwa na mtu."

Wendell alipomaliza kula, Berdina alimsogezea karatasi. Alikuwa ameandika sahihisho la safu yake: baadhi ya wasomaji wapendwa wamedokeza kwamba huenda riwaya fulani inaweza kueleweka tofauti na ilivyoelezwa hapo awali. Wendell aliisoma, akaigeuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi, akaisoma tena.

"Dina, hapa aliyekosea ni nani? Nimemtafuta mara mbili, simwoni."

Berdina akaichana mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa Mchungaji Kortman, kijana wa miaka thelathini na minne, mwenye tabia ya kupanga penseli zake kwa urefu wakati mtu analia mbele yake. Safari hii hakuna aliyelia, ila penseli alizipanga. Alisoma karatasi mpya ya Berdina, akaiweka mezani.

"Tuondoe kibandiko chekundu, tubandike cha njano," alisema. "Twila nitamtembelea mwenyewe. Mambo yataisha taratibu."

"Yatamwishia nani?"

"Fikiria kidogo. Watu wanaiamini orodha yako. Ukisema hivi hadharani, wataanza kuuliza kuhusu vitabu vingine."

"Waulize."

"Viko vingapi ambavyo hukuvimaliza, Berdina?"

"Sijui."

"Kumi?"

"Mchungaji, nimekwambia sijui. Zaidi ya arobaini."

Mchungaji akazipanga penseli upya. Nje, lori la mahindi lilipita na vioo vikatetemeka. Kisha akasema, bila kumwangalia, "Wale wazee niliwatuma mimi. Kitabu chenyewe sikukisoma. Nilisoma safu yako."

Aliisema kama anayemsogezea kiti ili wakae pamoja. Berdina hakufarijika. Alikuwa ameingia pale na kosa moja, sasa akaona lilivyozaa: yeye kamwamini mama wa tovuti, mchungaji kamwamini yeye, wazee wakamwamini mchungaji, na mwisho wa mstari ule kulikuwa na mwanamke amekaa jikoni kwake akiulizwa kama anaita wafu. Wote wacha Mungu, na hata mmoja kati yao hakuwa amefungua ukurasa wa sabini na mbili.

Jumapili iliyofuata taarifa ilitoka ikiwa na maneno haya, wala halikukatwa hata moja:

"Mwezi Agosti nilikishutumu kitabu cha *Sauti Ghalani*. Sikuwa nimekisoma. Nilisoma kurasa sabini na moja kati ya mia tatu na kumi, na maneno kuhusu Endori niliyachukua kwa mtu mwingine bila kusema. Nilichoandika si kweli. Nimeivunja amri ya tisa, ile ya kutoshuhudia uongo, dhidi ya mwandishi nisiyemjua na dada ninayemjua. Kitabu kina kosa moja katika sura ya kumi na moja. Mwenye kutaka, tulijadili. Maoni yangu ya miaka minane iliyopita msiyategemee hadi nitakapovisoma vitabu hivyo. Berdina Roelofs."

Nimeishi Harskamp maisha yangu yote, na sijawahi kusikia ukumbi wa kahawa ukiwa kimya vile. Wengine walimshika mkono wakasema ni ujasiri, na nikaona anaumia zaidi kwa kusifiwa. Dada wawili walimpita kana kwamba ni nguzo. Marvin Bonnema, ambaye utani wake haujui kusimama, alipaza sauti kutoka kwenye meza ya biskuti:

"Berdina! Mambo ya Walawi umeyamaliza, au nayo uliishia ukurasa wa sabini?"

Ukumbi mzima ukacheka, kwa ahueni zaidi ya kitu kingine. Berdina naye akacheka, ila alichelewa, na kicheko chake kilibaki peke yake hewani wenzake wakiwa wameshamaliza. Macho yake yalikuwa kwenye ngazi. Twila hakuja kanisani siku ile.

Alitamani karatasi imsemee. Alinikiria hilo. Alidhani akishaandika hadharani, deni la uso kwa uso litakuwa limepungua. Jumanne alasiri aliegesha gari lake mbele ya nyumba ya akina Huizenga, akakaa ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu, kisha akashuka.

Twila alikuwa akimenya matufaha jikoni. Alimfungulia mlango, akarudi kwenye kisu chake.

"Nimeisoma," alisema. "Dada yangu alinitumia picha kwenye simu."

"Nimekuja kuisema kwa mdomo."

"Haya. Sema."

Berdina akasema. Haikuchukua hata dakika. Maneno yaliyoonekana mengi kwenye karatasi yalikwisha upesi, na yalipokwisha palibaki sauti ya kisu kikizunguka tunda.

"Wazee walikaa hapo hapo ulipokaa," Twila alisema. "Yule mrefu aliniuliza kama bado namwita Darrell. Aliuliza kwa upole kabisa, kama daktari. Brielle alikuwa ngazini anasikia kila kitu. Unajua mtoto wangu anafanya nini tangu siku ile? Hamtaji baba yake. Amefikiri ni dhambi. Akitaka kusema jambo lolote la baba yake, anasema 'zamani'. Zamani tulikuwa tunakula nje. Zamani kulikuwa na mbwa. Nimemwambia anaweza kutaja, ananiangalia tu. Mimi ndiye niliyetembelewa na wazee. Neno langu lina uzito gani?"

Twila alitia tufaha bakulini, akachukua jingine.

"Na wewe hukujua," Twila aliendelea, "kwa hiyo nakwambia. Mimi kweli nilikuwa nakwenda kule. Kwenye lile ghala. Majira yote ya kuchipua. Napiga bati kwa kiganja, nangoja. Hakuna aliyejua. Kitabu hicho ndicho kilichonitoa kule, Berdina. Nilikuwa nimejiandaa wiki tatu kuwaambia wenzangu wa Jumanne. Nilikuwa nimeandika na maneno nitakayosema."

Miaka kumi na tisa Berdina alikuwa ameyapima maneno ya faraja ya watu wengine, yapi ni mazito na yapi ni povu. Alikuwa na akiba ya kutosha. Aliyapitia yote pale kitini na hakupata hata moja ambalo angethubutu kulitoa.

"Sina la kusema," alisema.

"Afadhali."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Brielle aliingia kutoka mazoezi ya mpira wa wavu, binti wa miaka kumi na miwili, nywele zimeshikana kwa jasho. Alipomwona mgeni alisimama, begi likiwa bado begani, akamtazama mama yake haraka kuona kama kuna jambo jipya.

"Hujambo, Brielle."

"Sijambo, Bibi Roelofs."

"Wazee walikuja hapa kwa sababu yangu," Berdina alisema. "Nilisema jambo lisilo kweli kuhusu kitabu cha mama yako. Mama yako hakufanya kosa lolote."

Binti alifikiri. "Ulidanganya, au ulikosea tu?"

"Brielle," mama yake alisema.

"Mwache aulize." Berdina aliikunja mikono yake mapajani. "Nilisema kitu nisichokijua kana kwamba nakijua."

"Huo ni uongo," Brielle alisema.

"Ndiyo."

Berdina aliangalia maganda ya matufaha mezani, kisha akasema, kwa sauti iliyomshtua hata yeye mwenyewe, "Nilimfundisha baba yako darasa la Jumapili. Alikuwa na umri kama wako. Darrell."

Kisu cha Twila kilisimama. Brielle alirudi nyuma nusu hatua.

"Siku moja tulikuwa tunasoma habari za ubatizo wa Yesu, Roho aliposhuka kama njiwa. Niliwageuzia mgongo niandike ubaoni. Yeye akaikunja taarifa ya kanisa ikawa ndege, akairusha, ikanitua kichwani. Nilipogeuka kuuliza ni nani, Darrell akanyoosha mkono juu, uso mkavu kabisa, akasema, 'Mwalimu, huyo ni njiwa.'"

Mlio ulimtoka Twila puani kabla hajaweza kuuzuia. Aliuziba mdomo kwa mkono uliolowa maji ya matufaha, mabega yakimtikisika, na haikujulikana anacheka ama anafanya nini.

"Halafu?" Brielle alisema. Begi lilikuwa limeteremka hadi kwenye kiwiko. "Ulimwadhibu?"

Berdina alitafuta. Aliliona darasa, chaki, dirisha lenye barafu pembeni, na uso ule mdogo mkavu. Baada ya hapo palikuwa patupu. Binti alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyekaa na kiu siku nyingi. Jibu zuri lilikuwa karibu sana. Angeweza kusema kwamba baadaye alikuja kuomba radhi. Kwamba alibaki kumsaidia kufuta ubao. Kwamba alikuwa mtoto mwema kuliko wote. Huenda hata ilikuwa kweli, nani angebisha?

"Sikumbuki," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ningependa sana kukumbuka, Brielle, lakini sikumbuki."

Uso wa binti ulishuka, na Berdina akauangalia ukishuka, maana alijiona hana haki ya kutazama pembeni. Brielle aliweka begi sakafuni, akachukua kipande cha tufaha kutoka kwenye bakuli, akakishika bila kukila.

"Hiyo ndege ilikuwa ya mabawa membamba au mapana?"

"Hilo nalo sijui."

Binti akamgeukia mama yake. "Baba alikuwa anakunja ya mabawa mapana," alisema polepole, kama anayeijaribu barafu kwa mguu kabla ya kuikanyaga. "Sivyo, Mama?"

Twila alikuwa bado na mkono mdomoni. Aliuondoa.

"Mapana," alisema. "Kila mara."

Walikuwa wakitazamana wawili wao. Berdina alibaki kwenye kiti kile, mikono mapajani. Hakuna aliyemkaribisha kahawa, wala hakuna aliyemwambia aondoke.